Kinachokokotwa

Alikuja Jumanne, mvua ya kwanza ya Oktoba
bado inanuka vumbi jekundu kizingitini pa biro yetu,
Papa Musoya wa Katuba, fundi wa kuunga vyuma,
nyusi zimeungua, shati limetobolewa na cheche kama kichujio.
Nataka kuandikisha trela, akasema. Remorki.
Nimeizaa mwenyewe.

Fomu ina maswali kumi na manane.
Imetengenezwa wapi? Uani kwangu, nyuma ya choo.
Mwaka gani? Ule ambao umeme ulikuwa unarudi usiku tu,
andika huo.
Ekseli? Mbili. Moja ya lori la bia,
ya pili nimenunua kwa mjane mmoja kule Ruashi,
mume alikuwa dereva, sikuuliza zaidi.
Uzito ikiwa tupu?
Tuliinyanyua vijana tisa, mmoja akalia.
Nikaandika: haujulikani.

Breki?

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jiwe lilinyonya kwa nani.
"Mama Kaumba, hii haina moteri.
Haijipeleki, inakokotwa.
Mwenye kufuata, breki ya nini?
Kichwa kikisimama, mkia utaenda wapi?"

Utaenda mbele, Papa.
Niliuona ukienda.
Barabara ya Likasi, saa kumi jioni, mteremko wa kuelekea darajani,
kamio imebeba unga, dereva amekanyaga, kichwa kimetii,
mkia haukusikia.
Tani ishirini hazina masikio.
Ulimpita aliyekuwa akiuvuta, polepole kwanza,
kama mtu anayechungulia barua begani kwa mwenzake,
kisha ukalala ubavu, barabara nzima,
ukawazoa wauza makala watatu na baiskeli zao.
Wale ambao hakuna fomu inayowauliza kitu,
wanaoteremka na magunia matano mgongoni mwa chuma chembamba,
breki yao soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi.
Unga ulinyesha. Ulinyesha juu ya makala.
Mpaka leo nikisonga bukari
mkono unasita kidogo juu ya sufuria.

Sikumwambia hayo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Nilimwonyesha tu kwa kalamu, mstari wa kumi na moja:
hata kinachovutwa kiwe na breki zake,
na kikikatika kutoka kwa kinachokivuta
kijisimamishe chenyewe.
Akasoma kwa kidole, midomo ikicheza.
Akarudia neno la mwisho. Chenyewe.
"Hata kifungua mimba wangu hajaliweza hilo," akasema,
na foleni yote ikacheka.

Shefu akatoa kichwa dirishani mwake.
Mgongee muhuri huyo, tunasali naye.
Muhuri ninao. Wino ninao.
Nina pia daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha,
ndani namba thelathini na mbili za plaki
nilizozitoa bila kusikia pumzi ya breki.
Hakuna anayelijua. Silionyeshi kwa mtu.
Nikiwa njiani naangalia mikia ya magari,
nikiona namba yangu inapita salama
nazungushia duara kwa penseli,
kana kwamba penseli inashika kitu.

Nilikuwa nimeinua mkono.
Ni yeye aliyeweka kiganja chake juu ya karatasi,
kiganja kilichojaa makovu madogo meupe.
"Ngoja kwanza, Mama.
Yule mjane.
Sikumwuliza mumewe alikufaje."

Akaondoka na mvua ikianza tena,
kofia ya kuungia vyuma kichwani, kioo kimefunikwa usoni.
Shefu akaguna. Aliyefuata akasogea.

Ni Aprili sasa. Fomu yake iko katika droo yangu,
mstari wa kumi na moja mweupe.
Usiku, kamio zikishuka kuelekea Kasumbalesa,
ninalala macho nikihesabu:
*tss* ya kichwa,
halafu nasubiri
ya pili.